Masikio Ndiyo Macho ya Nyuma ya Mwendesha Baiskeli



Asubuhi na mapema baiskeli huanza kuteremka kutoka vijiji vya Kirua Vunjo kuelekea barabara kuu ya Moshi na Himo. Moja imebeba mikungu ya ndizi, nyingine madumu ya maziwa, nyingine mwanafunzi aliyechelewa. Jioni baiskeli zile zile hupandishwa kwa kusukumwa, zikiwa na mfuko wa pumba au mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Kazi hii ni ngumu, na si ajabu kwamba anayeifanya hupenda kuburudishwa na muziki. Siku hizi muziki huo hutoka kwenye simu na kuingia moja kwa moja masikioni kwa hedifoni ndogo, zenye waya au zisizo na waya.

Mwezi huu tuzungumze juu ya hedifoni hizo na barabara zetu. Sina ugomvi na muziki. Muziki hupunguza uchovu, huchangamsha moyo, na wapo vijana wa kwaya wanaojifunza sauti zao kwa kusikiliza njiani. Neno langu ni moja tu: ukiwa juu ya baiskeli, usizibe masikio yako. Nitaeleza kwa nini, na mwisho nitaonyesha la kufanya.

KAZI YA SIKIO BARABARANI

Dereva wa gari ana vioo vitatu vya kumwonyesha yaliyo nyuma yake, na mwenye pikipiki ana viwili. Mwendesha baiskeli kwa kawaida hana hata kimoja. Yaliyo mbele huyaona kwa macho, bali yaliyo nyuma huyajua kwa masikio. Ndiyo maana nasema masikio ndiyo macho yake ya nyuma.

Sikio halitoi habari ya kwamba kuna gari tu. Muungurumo humwambia msikilizaji kama ni lori au pikipiki, kama liko mbali au karibu, kama linapunguza mwendo au linaongeza. Tena tumepewa masikio mawili kwa sababu. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto, na huwa na nguvu zaidi huko. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini ubongo huipima na kutambua mara moja upande sauti inakotoka. Ukiziba sikio moja, bado utasikia honi, lakini utachelewa kujua ilikotoka. Ukiziba yote mawili na kufungulia muziki kwa nguvu, huenda usiisikie kabisa.

Zipo pia hedifoni za kisasa zilizotengenezwa makusudi ili ziondoe kelele za nje. Ndani ya ndege au chumbani ni kitu kizuri. Barabarani, "kelele za nje" ndilo gari lenyewe.

Tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22. Aliyelisikia likiwa mbali ana nafasi ya kushika usukani vizuri na kukaa pembeni. Aliyeziba masikio hulijua likiwa tayari ubavuni, naye hushtuka. Kushtuka kwenyewe ni hatari, maana anayeshtuka huyumba.

BARABARA ZETU ZA MLIMANI

Mambo haya ni ya hatari kila mahali, lakini huku kwetu kuna sababu zaidi.

Kwanza, ni mteremko. Baiskeli iliyobeba mikungu mitatu haisimami upesi. Mvua za masika zikinyesha, rimu hulowa na raba za breki huteleza, na umbali wa kusimama huongezeka. Kwa hiyo mwendesha baiskeli wa mlimani anahitaji kuonywa mapema kuliko yule wa tambarare.

Pili, ni kona. Njia zetu zimepita katikati ya vihamba, na migomba na masale vimeficha kinachokuja. Kwenye kona kama hizo jicho halina msaada. Anayekuja kutoka upande wa pili hutambulika kwa mlio wa injini au honi kabla hajaonekana. Wakati wa ukungu ni hivyo hivyo hata kwenye njia iliyonyooka.

Tatu, ni pikipiki. Bodaboda zimekuwa nyingi, nazo hupita penye upana mdogo. Wapo wanaoteremka mlima injini ikiwa imezimwa ili kuokoa petroli. Pikipiki ya namna hiyo haitoi sauti ila mchakacho wa matairi juu ya changarawe. Mwenye masikio wazi huweza kuusikia. Mwenye muziki masikioni hawezi.

Nne, ukishuka hadi Uchira unaingia barabara kuu. Hapo hupita mabasi ya Dar es Salaam na malori yanayokwenda Holili na Kenya. Kijana aliyetoka kwenye njia ya kihambani hana budi kubadili tabia yake yote anapokanyaga lami hiyo.

REDIO YA ZAMANI NA SIMU YA LEO

Wazee watasema, "Mbona sisi tuliendesha Phoenix zetu na redio zikiimba, wala hatukufa?" Ni kweli. Redio ya betri ilining'inizwa kwenye usukani au kufungwa kwenye keria, na kijiji kizima kikasikia taarifa ya habari ikipita. Lakini angalieni tofauti. Redio ile ilikuwa nje ya sikio. Sauti yake ilichanganyika na sauti za barabara, na lori likija lilishinda redio. Tena magari yalikuwa machache, na pikipiki zilihesabika.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman, chombo kidogo cha kaseti chenye hedifoni ambacho mtu alitembea nacho. Tangu hapo mtu aliweza kuwa katikati ya watu huku yuko peke yake na wimbo wake. Simu za leo zimekifikisha kitu hicho kwa kila kijana. Kilichoongezeka ni urahisi, na pamoja na urahisi huo, hatari.

MGONJWA MMOJA WODINI

Nitoe mfano mmoja bila kutaja jina. Kijana wa miaka kumi na saba aliletwa wodini mchana mmoja, paja limevunjika. Alikuwa ameteremsha ndizi za mama yake. Masikioni alikuwa na nyimbo za kwaya, zote mbili zimezibwa barabara. Nyuma yake ilikuja gari ndogo ya mizigo, na dereva akapiga honi mara tatu. Watu wote waliokuwa shambani waliisikia. Dereva alidhani kijana amesikia, maana alikuwa akienda pembeni vizuri. Mara kijana akaona shimo mbele, akalikwepa kwa kuingia katikati ya njia.

Nilipomsafisha vidonda aliniambia, "Mama, mimi sikusikia kitu. Niliona tu niko chini." Hakuwa mlevi, hakuwa mkorofi, wala hakuwa akikimbia. Alikuwa mtoto mwema anayemsaidia mama yake. Alilala wiki nyingi mguu ukiwa umevutwa kwa uzito, na mtihani wa kidato cha nne ukampita akiwa kitandani. Mama yake aliacha biashara ili amwuguze, na ng'ombe akauzwa. Wimbo wa dakika nne uliwagharimu mwaka mzima.

Mfano huu unatufundisha jambo ambalo wengi hawalifikiri. Dereva anapopiga honi huwa anazungumza, na huamini kwamba amesikiwa. Aliyeziba masikio anamdanganya dereva bila kujua.

AKILI NA MIKONO PIA

Hedifoni haishughulishi sikio peke yake. Wimbo unaoupenda huchukua sehemu ya akili, nawe huanza kufuata mapigo yake kwa miguu. Wimbo wa haraka humfanya mtu akanyage pedeli kwa haraka. Mazungumzo ya simu huchukua akili zaidi ya muziki, maana yanakudai ujibu.

Kisha kuna mkono. Wimbo usiopendeza ukija, mkono huenda mfukoni na jicho hushuka kwenye kioo cha simu. Baiskeli inayoteremka kwa kilomita 30 kwa saa hukata mita 8 kila sekunde. Ukitazama simu kwa sekunde mbili umekwenda mita 16 ukiwa kama umefumba macho, tena ukiwa na mkono mmoja tu na breki moja.

Mtu asiseme yeye ni hodari. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kukulia huko akifunzwa baiskeli na David Kinjah, alishinda mashindano makubwa ya Tour de France mara nne. Mwezi wa Juni 2019, akijaribu njia ya mashindano huko Ufaransa, aliondoa mkono mmoja kwenye usukani ili apenge kamasi kwenye mteremko. Upepo ukapiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Ikiwa mkono mmoja ulimwangusha bingwa kama huyo, utatufanyia nini sisi wenye mikungu nyuma?

WENZETU WAMEFANYA NINI?

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen nchini Uholanzi walitoa matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa waendesha baiskeli. Nchi hiyo ina baiskeli nyingi kuliko watu, kwa hiyo wanajua wanachokisema. Waliona kwamba wanaosikiliza muziki kwa masikio yote mawili hukosa kusikia milio ya barabarani, hasa wakitumia zile hedifoni zinazoingia ndani ya tundu la sikio. Waliotumia sikio moja walisikia vizuri zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2019 sheria ya nchi hiyo inakataza kushika simu mkononi ukiwa unaendesha baiskeli.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2015 imekatazwa kuendesha chombo, hata baiskeli, ukiwa na hedifoni masikioni, na faini yake ni Euro 135.

Si jambo dogo hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki.

Huenda mtu akauliza, "Je, viziwi nao wasiendeshe?" Wapo ndugu zetu wasiosikia wanaoendesha vizuri sana, kwa sababu wamejizoeza kugeuka na kutazama nyuma kila mara. Mwenye hedifoni hakujizoeza hivyo. Amezoea kutegemea masikio, kisha ameyafunga.

SIKIO LENYEWE HUUMIA

Upepo wa mteremko hufanya muziki usisikike vizuri, na kijana huongeza sauti. Hapo ndipo sikio linapoumia. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki bila madhara. Ikipanda kufikia desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa 4 tu kwa wiki. Chembechembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, wala hatuna dawa ya kuzirudisha.

Dalili za mwanzo ni mlio wa kama nyenje masikioni usiku, na kuomba watu warudie walichosema. Ukiona hivyo punguza sauti na uje tukupime. Popote unaposikilizia muziki, sauti isizidi kiasi cha asilimia 60 ya mwisho wa simu. Tena msiazimane hedifoni za ndani ya sikio, kwani huweza kuhamisha uchafu na vijidudu, hasa kwa mwenye sikio linalotoa usaha.

BASI TUFANYE NINI?

1. Ukipanda baiskeli, vua hedifoni zote mbili na kuziweka mfukoni. Sikiliza muziki nyumbani, kijiweni, au unapopumzika kando ya njia.

2. Ukitaka wimbo njiani, imba mwenyewe. Sauti yako haizibi masikio. Anayetaka redio kwenye usukani aiweke kwa sauti ya chini, ili honi iishinde.

3. Simu ikiita, simama kwanza pembeni, kisha pokea.

4. Funga kioo cha pikipiki upande wa kulia wa usukani. Sisi huendesha kushoto, na wanaotupita hutokea kulia. Hata ukiwa na kioo, geuka utazame kabla ya kukwepa shimo au kukata kona, na onyesha kwa mkono unakokwenda.

5. Kila Jumamosi kagua baiskeli. Raba za breki mbele na nyuma, kengele, mnyororo, taa, na kiakisi mwanga chekundu nyuma. Mzigo usizibe taa.

6. Kabla ya mteremko mkali, jaribu breki ukiwa bado juu. Mzigo ukiwa mzito, shuka usukume. Hakuna aibu.

7. Vaa kofia ngumu ukiweza kuipata. Uchunguzi wa kitaalamu uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kofia ya baiskeli hupunguza hatari ya kuumia kichwa na ubongo kwa asilimia 63 hadi 88.

AJALI IKITOKEA

Wekeni matawi ya miti pande zote mbili za njia ili magari yapunguze mwendo, nayo yaondolewe baadaye. Msimvute majeruhi kwa mikono wala kumkalisha kwa nguvu, maana shingo yaweza kuwa imevunjika. Damu ikitoka, kandamizeni kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia, na mkono wa anayekandamiza uvishwe mfuko wa nailoni kama hakuna glavu. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, kichwa, shingo na mgongo vikigeuzwa kwa pamoja. Mguu uliovunjika ufungwe pamoja na kijiti kilichozungushiwa nguo. Msiuvute wala kuuchua. Msimpe chai, maji wala mbege, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Tafuteni gari, mkamlaze juu ya ubao au benchi. Kumkalisha katikati ya watu wawili kwenye bodaboda kumewaongezea wengi ulemavu. Mmoja wenu aende polisi kufuata fomu ya PF3 wakati wengine wanampeleka hospitali. Msimweke mgonjwa njiani mkisubiri karatasi.

Aliyegonga kichwa hata akasimama na kucheka, aangaliwe kwa siku mbili. Akitapika mara kwa mara, akisinzia asiamshike, akichanganyikiwa, akipata degedege, au damu na maji meupe yakimtoka puani au masikioni, aletwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

KWA WAZAZI NA MADEREVA

Wazazi, mnapomnunulia kijana simu mpeni na sharti hili siku hiyo hiyo. Baba na mama wakipokea simu huku wanaendesha, maneno yao hayatakuwa na nguvu. Kwenye jumuiya ndogo ndogo zungumzeni pia kona zipi zimefichwa na miti, mkazipunguze matawi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Nanyi madereva na vijana wa bodaboda, mkiona mtu kwenye baiskeli msidhani amewasikia kwa sababu mmepiga honi. Ngojeni hadi ageuke au asogee, ndipo mpite, tena kwa kumwachia nafasi. Kwenye mteremko msizime injini. Na muziki wa ndani ya gari nao ukizidi, ninyi pia hamtasikia kengele ya mtoto.

Watu wengi husema ajali haina kinga. Sisi tunaowafunga vidonda hatulikubali neno hilo lote. Shimo la ghafla huenda halina kinga, lakini sikio lililozibwa kwa mkono wa mwenyewe kinga yake ni kuzibua. Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa. Vijana wa Kirua Vunjo, na ninyi wote mnaotusoma, dawa hii haiuzwi wala haina uchungu: toa hedifoni, shika usukani kwa mikono miwili, na usikilize barabara. Wimbo utaukuta nyumbani.